Mawe ya Chokaa Yaliyotoka Motoni

Somo la mwezi huu kwa wakulima wa skimu

Ndugu wakulima, wengi wetu tulipopata mashamba katika skimu tuliambiwa kwamba udongo wa sehemu zenye mvua nyingi huwa mchachu, yaani una asidi, na kwamba dawa yake ni chokaa. Tukanunua chokaa, tukaimwaga, tukaona mahindi yamestawi. Lakini ni wachache waliouliza: Chokaa hii ni jiwe gani, na ilitoka wapi? Swali hilo laonekana kuwa la watoto wa shule. Mimi pia nililiona hivyo, mpaka siku moja kutolijua jibu lake kulipomtia hasara mama mmoja wa skimu yetu.

UNGA MWEUPE WA MAGUNIA ISHIRINI

Mama huyu alipimiwa udongo wake, na jibu likaja kwamba atie chokaa kabla ya kupanda. Alichukua mkopo katika chama cha ushirika. Kabla hajaagiza, likapita lori la mchuuzi lenye unga mweupe wa bei nafuu. Mchuuzi akamwambia, "Hii ni chokaa ya mlima wa moto. Ina nguvu kuliko chokaa ya kawaida." Mama akanunua magunia 20.

Lakini yeye si mtu wa kuamini upesi. Alitia unga kidogo katika kopo, akaja nao ofisini. Bwana Shamba alikuwa safarini. Nilikuwapo mimi, karani, na kwa kuwa nilisomea ualimu nilikumbuka jaribio moja la darasani. Nikakata ndimu, nikakamulia maji yake juu ya ule unga. Ukatoa povu na kuvuma.

Nikamwambia, "Mama, ni chokaa hasa. Nenda ukamwage."

"Una hakika, Bwana Karani?"

"Nina hakika, Mama."

Akaenda. Alimwaga magunia 6 katika nusu ekari, kisha mvua kubwa ikamzuia kuendelea. Baada ya majuma matatu alirudi, na safari hii hakuleta kopo, alileta mche wa mahindi. Ncha za majani zilikuwa zimeungua. Akasema kwamba miche iliyoota ni michache, na udongo ukinyeshewa hufunga kama sakafu, kisha jua likitoka huonekana utando mweupe juu yake.

Bwana Shamba alichukua kijiko kimoja cha ule unga, akautia katika gilasi ya maji ya mvua, akakoroga. Unga ukayeyuka, ukapotea. Akanitazama akasema, "Karani, hii si chokaa. Hii ni magadi."

Mchuuzi alidanganya, lakini mimi nilimsaidia kwa kujua nusu ya somo. Basi leo tulisome lote. Tutaona kwamba maneno "chokaa ya mlima wa moto" yana ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio uliouficha uongo.

KABONETI NI KITU GANI?

Jiwe la chokaa ni kaboneti ya kalsiamu. Magadi ni kaboneti ya sodiamu. Kila kaboneti ina sehemu mbili: madini fulani, kama kalsiamu au sodiamu, na hewa ya kaboni iliyofungwa ndani ya jiwe. Hewa hiyo ndiyo ile ile tunayoitoa kwa pumzi, na ndiyo inayopanda juu katika chupa ya soda mtu anapoifungua.

Kitu kichachu kikigusa kaboneti, kile kifungo hufunguka na hewa hutoka. Ndiyo maana ndimu hutoa povu juu ya chokaa. Lakini ndimu hutoa povu juu ya magadi vile vile, maana nayo ni kaboneti. Hapo ndipo nilipokosea. Povu lilinionyesha ukoo, nami nikadhani limenionyesha mtu mwenyewe.

TANUU YA CHOKAA

Wenzetu wa pwani wamechoma chokaa kwa karne nyingi. Hupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakatia moto. Moto ukifika karibu digrii 900 za sentigredi, hewa ya kaboni hutoka katika jiwe ikaenda zake. Kinachobaki ni chokaa iliyochomwa.

Hesabu yake ni hii. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, hubaki kilo 56 tu. Kilo 44 zilikuwa hewa, nazo zimekimbia. Ukiitia maji chokaa hiyo ili kuizima, hupata joto kali, hunywa kilo 18 za maji, ikawa kilo 74 za chokaa iliyozimwa.

Sasa angalieni jambo moja. Katika tanuu jiwe limepata moto mkali sana, wala halikuyeyuka. Limekuwa unga. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wa zamani walikataa kabisa kwamba jiwe la chokaa laweza kuyeyuka na kutiririka kama lava. Walisema, "Litayeyukaje, nalo huvunjika kabla ya kuyeyuka?"

MTUNGI ULIOZIBWA

Mmoja aliyetafuta jibu alikuwa James Hall wa Scotland. Kati ya miaka ya 1798 na 1805 alifanya majaribio mengi. Alichukua unga wa chokaa, akautia katika mitutu ya bunduki, akaiziba imara pande zote, kisha akaiweka katika moto mkali. Hewa ilitaka kutoka lakini haikupata njia. Mitutu mingine ilipasuka. Iliyostahimili alipoifungua hakukuta chokaa iliyochomwa. Alikuta ule unga umeshikamana, umekuwa jiwe gumu kama marumaru, na hewa yake ingali ndani.

Hapa pana siri ya kwanza ya somo letu. Hewa ikipata njia, jiwe huwa unga. Hewa ikizuiwa, jiwe hubaki jiwe, na moto ukizidi huyeyuka.

Chini ya ardhi hakuna haja ya mtutu wa bunduki. Uzito wa miamba iliyo juu watosha kuifungia hewa. Hata hivyo, kaboneti safi ya kalsiamu iliyofungiwa hivyo yahitaji joto la zaidi ya digrii 1,300 ili iyeyuke. Lava nyeusi ya kawaida, kama ile iliyofanya mawe mengi ya Bonde la Ufa, hutoka ikiwa na digrii 1,100 hadi 1,200 hivi. Kwa hiyo wataalamu waliendelea kuuliza: joto hilo kubwa lingetoka wapi?

FUNDI WA LEHEMU ATUFUNDISHA

Jibu mtu aweza kuliona kwa fundi anayeziba sufuria na makopo. Bati huyeyuka kwa digrii 232. Risasi huyeyuka kwa digrii 327. Lakini fundi akiyachanganya yote mawili kwa kiasi cha kufaa, mchanganyiko huyeyuka kwa digrii 183 tu, yaani chini kuliko kila kimoja peke yake. Huo ndio mchanganyiko wa lehemu.

Mawe nayo huenda hivyo. Kitu kimoja safi huwa kigumu kuyeyusha, na vitu viwili au vitatu pamoja husaidiana kuyeyuka. Katika mwaka wa 1960 wataalamu wawili huko Marekani, Peter Wyllie na O. F. Tuttle, walionyesha jambo hilo kwa kaboneti. Walichukua kaboneti ya kalsiamu, wakaifungia pamoja na maji katika chombo imara, wakaikandamiza kama inavyokandamizwa kitu kilicho kiasi cha kilometa 4 chini ya ardhi. Ikaanza kuyeyuka kwa digrii 650 hivi. Maji yaliyofungiwa yalikuwa yamefanya kazi ile ile ambayo risasi huifanya kwa bati.

Sodiamu na potasiamu husaidia vile vile. Magadi safi huyeyuka kwa digrii 851. Kaboneti ya potasiamu huyeyuka kwa 891. Zikichanganywa huyeyuka karibu na digrii 710, na zikiongezwa kaboneti ya kalsiamu hushuka zaidi.

MLIMA WA MUNGU

Katika mwaka huo huo wa 1960, mtaalamu wa miamba aitwaye J. B. Dawson alipanda Ol Doinyo Lengai, mlima ulioko kaskazini ya Tanzania, kusini ya Ziwa Natron, si mbali sana na mpaka wetu. Jina lake kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Una urefu wa karibu meta 3,000. Ndani ya shimo lake la juu aliona lava ikitiririka, na lava hiyo ilipopimwa ilionekana kuwa kaboneti tupu. Habari zake zilichapishwa mwaka 1962, na baada ya hapo haikuwa rahisi tena mtu kusema kwamba kaboneti haiwezi kuyeyuka.

Lava hii ni tofauti kabisa na nyingine. Joto lake ni kati ya digrii 500 na 600, yaani nusu ya lava ya kawaida. Mchana haing'ai. Yaonekana nyeusi au hudhurungi kama matope au mafuta machafu ya gari, na usiku tu ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Ni nyepesi sana, hutiririka karibu kama maji. Ikipoa huwa jiwe jeusi, lakini jiwe hilo hunywa unyevu wa hewa na umande na mvua, na baada ya saa au siku chache hugeuka jeupe. Mtu aliye mbali akiona kilele hicho cheupe aweza kudhani ni theluji kama ya Kilimanjaro.

Sababu ni kwamba lava ya Lengai ina sodiamu na potasiamu nyingi. Ni ndugu wa magadi. Madini yake mawili makubwa yamepewa majina ya watu. Moja laitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania. La pili laitwa gregoriti, kwa ajili ya J. W. Gregory, mtaalamu aliyesafiri katika Bonde la Ufa mwaka 1893.

Msidhani kwamba mlima huo ni mpole siku zote kwa kuwa lava yake haina joto jingi. Chupa ya soda ikifunguliwa polepole hutoa hewa kwa amani. Ikitikiswa na kufunguliwa ghafula, humwagikia wote walio karibu. Lengai ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, tena 1940 hadi 1941, tena 1966 hadi 1967, na mara nyingine 2007 hadi 2008, ukirusha majivu mengi angani na juu ya malisho ya wafugaji. Katika dunia nzima, hii ndiyo volkano hai pekee ijulikanayo kwa kutoa lava ya namna hiyo.

KABONETI ILIYOYEYUKA YATOKA WAPI?

Yatoka chini sana, kilometa makumi mengi chini ya miguu yetu, chini ya gamba la dunia. Miamba ya huko ina hewa ya kaboni kidogo iliyofungwa ndani yake. Gamba likivutwa na kuwa jembamba, kama linavyovutwa katika Bonde la Ufa, sehemu ndogo sana ya miamba hiyo huyeyuka. Sehemu zinazoyeyuka kwanza ndizo zenye kaboneti, maji, sodiamu na potasiamu, maana hizo husaidiana kama bati na risasi.

Yako mambo matatu yanayoweza kutokea. La kwanza, kaboneti iliyoyeyuka hupanda moja kwa moja kutoka huko chini.

La pili, hupanda ikiwa imechanganyika na mawe mengine yaliyoyeyuka, yale yenye mchanga, ambayo wataalamu huyaita ya silika. Yanapopanda na kupoa, vitu hivi viwili huacha kupatana. Wenye ng'ombe wa maziwa watalielewa hili upesi. Maziwa yakikamuliwa, krimu imo ndani na huioni. Yakitulia, krimu hujitenga ikakaa juu. Vivyo hivyo kaboneti hujitenga na silika, kila moja ikawa maji yake peke yake, kama samli na maji.

La tatu, mchanganyiko hupoa polepole, madini mengine huganda kwanza, na kaboneti hubaki mwisho, kama chumvi inavyobaki katika maji ya bahari yanayokaushwa.

Jiwe linalogandamana kutoka kwa kaboneti iliyoyeyuka laitwa kabonatiti. Jina hilo alilitoa mtaalamu W. C. Brøgger mwaka 1921, alipochunguza mawe ya mahali paitwapo Fen, katika nchi ya Norway. Kabonatiti ni jiwe la moto hasa, kama lilivyo jiwe jeusi la kujengea, ingawa kwa kemia yake ni jiwe la chokaa.

VILIMA VYA KWETU

Hatuna haja ya kwenda Norway. Afrika ya Mashariki ina mawe haya kuliko nchi nyingi za dunia. Katika Kenya, Mlima Homa ulioko kando ya ghuba ya Winam ni volkano ya kale yenye kabonatiti, na ndivyo vilivyo vilima vya Ruri na Rangwa katika sehemu hizo. Huko pwani, katika Kwale, pana kilima cha Mrima, ambacho kabonatiti yake iliyooza ina madini ya niobiamu na mengine adimu. Mwamba mkubwa wa Tororo katika Uganda, ambao msafiri wa reli huuona kwa mbali, ni kabonatiti. Mawe ya hapo yamesagwa na kuchomwa kufanya saruji iliyojenga nyumba nyingi. Karibu yake, katika vilima vya Sukulu, pana fosfeti nyingi.

Wakulima wa Muhoroni na Songhor wana mfano karibu zaidi. Mawe ya chokaa ya Koru yalitoka katika volkano ya kale ya Tinderet. Ni majivu na vipande vya kaboneti vilivyoanguka miaka karibu milioni 20 iliyopita, vikashikamana kuwa jiwe. Katika machimbo ya chokaa ya Koru, mwaka 1926, daktari mmoja aitwaye H. L. Gordon aliokota mifupa iliyogeuka jiwe. Ikapelekwa London, na mwaka 1933 mtaalamu A. T. Hopwood akaandika kwamba kati ya mifupa hiyo mlikuwamo ya nyani mkubwa wa kale asiyejulikana bado. Akampa jina la Proconsul. Majivu ya chokaa ndiyo yaliyohifadhi mifupa hiyo, maana udongo mchachu huila mifupa na kuimaliza.

Basi mtu akikuambia kwamba chokaa yaweza kutoka mlima wa moto, usimcheke. Asema kweli. Lakini muulize: Ni mlima upi? Katika Koru na Homa kaboneti iliyobaki ni ya kalsiamu, nayo hufaa shamba. Katika Lengai ni ya sodiamu na potasiamu, nayo haifai.

TWAJUAJE KWAMBA JIWE LILITOKA MOTONI?

Mtu aweza kuuliza, "Jiwe la chokaa la bahari na jiwe la chokaa la moto yote ni meupe. Wataalamu wametofautishaje?" Dalili ni hizi.

Kwanza, kabonatiti mara nyingi hukata miamba mingine. Huingia katika nyufa zake kama lami inavyoingia katika nyufa za barabara. Jiwe la baharini hulala tabaka juu ya tabaka, nalo mara nyingi lina makombe ndani yake.

Pili, ndani ya kabonatiti mna madini ambayo bahari haiyapangi hivyo: chembe nyeusi za chuma zinazovutwa na sumaku, vipande vya ulanga unaong'aa, na madini ya fosfeti yaitwayo apatiti.

Tatu, miamba iliyoizunguka imebadilika. Sodiamu na potasiamu ziliipenya zikaigeuza. Dalili hii yatuonyesha pia kwamba kabonatiti nyingi za kale, ambazo leo ni kalsiamu tupu, zilipokuwa zimeyeyuka zilikuwa na sodiamu na potasiamu zaidi, kisha hizo zikatoka zikaingia katika miamba ya jirani.

Na magadi ya Ziwa Magadi je? Hayo hayakumwagika kama lava. Chemchemi za maji moto huleta sodiamu kutoka katika mawe ya volkano, na jua kali hukausha maji na kuyaacha magadi.

KWA NINI CHOKAA HUPONYA NA MAGADI HUHARIBU?

Udongo ukiwa mchachu sana, madini ya aluminiamu huachiliwa ndani yake nayo huumiza mizizi. Mbolea ya fosfeti hushikwa na udongo, mmea usiipate. Kaboneti ya kalsiamu huila asidi polepole, hewa ya kaboni ikatoka kama ilivyotoka kwa ndimu, na kalsiamu ikabaki kulisha mmea na kushikamanisha chembe za udongo.

Magadi nayo huila asidi. Lakini kinachobaki ni sodiamu. Sodiamu hutawanya chembe za udongo wa mfinyanzi, maji hayapiti, hewa haipiti, na jua likiwaka udongo hukauka ukawa kama tofali. Hayo ndiyo yaliyolipata shamba la yule mama.

MAJARIBIO YA KUFANYA NYUMBANI

Usinunue unga mweupe kwa jina lake. Chukua vijiko vichache ufanye hivi.

1. Kamulia ndimu au tia siki. Usipotoa povu kabisa, huenda ni majivu ya volkano, au udongo mweupe mwepesi kama ule wa Kariandusi karibu na Gilgil, au ni chokaa iliyochomwa. Jiwe la chokaa lenye magnesiamu hutoa povu polepole sana, kwa hiyo lisage liwe unga laini kabla ya kulijaribu.

2. Ukitoa povu, usiishie hapo kama nilivyofanya mimi. Tia kijiko kimoja katika gilasi ya maji safi ya mvua, ukoroge sana, uache mpaka kesho. Chokaa ya jiwe hutulia chini, karibu yote. Magadi huyeyuka, ukabaki mchanga kidogo tu.

3. Ukitia maji kidogo na unga ukapata joto, hiyo ni chokaa iliyochomwa. Usiishike kwa mkono mtupu, wala isiingie machoni. Ina nguvu kuliko jiwe lililosagwa, kwa hiyo kiasi chake ni kidogo.

4. Hata ukipita majaribio haya, uliza unga umepimwa nguvu zake na nani, na risiti uitunze. Unga laini hufanya kazi upesi. Kokoto hukaa shambani miaka bila faida.

Na kabla ya hayo yote, pima udongo. Shamba ambalo si chachu halihitaji chokaa. Majani ya chai hupenda udongo mchachu, kwa hiyo usiyatilie chokaa. Tia chokaa majuma kadhaa kabla ya kupanda, uichanganye vizuri na udongo. Usiitie pamoja na mbolea za amonia, maana nguvu ya mbolea itapotea hewani. Wala usidhani kwamba kila jiwe la kabonatiti ni mbolea kwa kuwa lina fosfeti. Fosfeti ya jiwe huachiliwa polepole mno, na kiasi chake si sawa kila mahali.

MAMA ALIPOFIKIA

Bwana Shamba alimwagiza mama asiyaguse yale magunia 14 yaliyobaki. Kwa ile nusu ekari alimwambia atie jasi, ambayo ni kalsiamu isiyo kaboneti, ili kalsiamu isukume sodiamu itoke katika udongo, kisha achimbe mitaro na kuiacha mvua iyachukue maji yenye sodiamu. Hiyo si kazi ya msimu mmoja. Mwaka ule hakuvuna kitu katika nusu ekari hiyo, na mkopo aliulipa kwa maziwa. Shamba lake lililobaki alilitilia chokaa ya jiwe iliyopimwa, likampa mahindi mazuri.

Nilikwenda kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akaniambia, "Bwana Karani, wewe hukusema uongo. Ulisema una hakika, na hakika hukuwa nayo." Neno hilo nimelishika. Siku hizi katika meza yangu pana ndimu moja, na kando yake pana gilasi ya maji.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika baraza la skimu, au mwulize mtoto wenu aliye shuleni.

1. Kwa nini jiwe la chokaa huwa unga katika tanuu lakini laweza kuyeyuka chini ya ardhi?
2. Ukichoma kilo 50 za jiwe safi la chokaa, zitabaki kilo ngapi? (Jibu: kilo 28.)
3. Lehemu ya fundi yatufundisha nini juu ya lava ya Ol Doinyo Lengai?
4. Taja vilima viwili vya Kenya vyenye kabonatiti.
5. Unga mmoja umetoa povu kwa ndimu, kisha ukayeyuka wote katika maji. Je, utautia shambani? Toa sababu.

Mwenye unga wa kutiliwa shaka na aulete katika ofisi ya kilimo iliyo karibu naye kabla ya kuumwaga. Kopo moja latosha.